Kwa mpwa wangu aliyeitwa CCP, chuo cha polisi Moshi

Mpwa wangu ameitwa kwenye mafunzo ya polisi, na mama yake anataka nimfundishe kwata kabla hajapanda basi la Moshi. Kwata ataikuta hukohuko, tena atajuta. Nimemkalisha barazani nikamweleza mengine, ambayo depo hawana muda nayo. Nayaandika na hapa, kwa vijana wengine walioitwa.

Mimi nilianza na doria ya miguu Kariakoo, wawili wawili, kirungu mkononi. Siku hizi kila konstebo anataka kukaa nyuma ya difenda. Difenda inakimbiza mwizi, sawa, ila haikujulishi mtaa. Mtaa nilijulishwa na makuli, walinzi wa maduka na mama mmoja aliyeuza uji alfajiri. Ndiye aliyeninong'oneza siku moja: "Afande, pikapu ile haijawahi kushusha mzigo hapa." Tulipoifuata tulikuta majora ya vitenge vya stoo iliyovunjwa usiku uleule. Lakini uji wake nilikuwa nalipia. Ukinywa bure leo, kesho anakuhesabu kwenye hasara, na mtu hampi siri hasara yake.

Baadaye nikahamishiwa misako: gongo, bangi, kamari, madanguro. Hapa nataka vijana wanisikilize vizuri, maana ndipo nilipokosea miaka mingi. Tulikuwa tunakwenda Uwanja wa Fisi, kule Manzese, tunajaza karandinga wasichana. Asubuhi mahakamani, faini, jioni wamesharudi palepale. Tukawaona sugu. Kumbe faini analipa mwenye danguro, kisha anamwandikia binti deni. Kila msako wetu ulikuwa unamfungia kamba nyingine mguuni, na mwenye kamba hatumgusi.

Nilizinduka kwa binti mmoja aliyesema ana miaka kumi na tisa. Hata kumi na sita sidhani. Askari mwenzetu wa kike alimkalisha pembeni, akampa chai, akamwacha anyamaze atakavyo. Karibu na alfajiri binti akasema: aliletwa mjini kwa ahadi ya kazi za ndani, na nauli yake bado anadaiwa. Huyo si mtuhumiwa, ni shahidi. Kanuni ya Adhabu inamtaja anayeishi kwa mapato ya ukahaba na anayeendesha danguro, na tangu 2008 tuna sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu. Kwa hiyo ukifika, uliza kwanza nani anashika funguo, nani anapokea kodi ya chumba. Binti mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto. Enzi zetu halikuwepo.

Halafu karatasi. Niliwahi kukamata madumu ya gongo, mtambo bado wa moto, nikarudi kituoni kifua mbele. Hati ya kukamata mali nikaijaza mezani kwangu, bila mjumbe wala jirani kushuhudia upekuzi. Wakili wa utetezi aliuliza swali moja tu: shahidi huru yuko wapi? Mtuhumiwa alitoka mahakamani akanipungia mkono. Jaza palepale, hata kama mvua inanyesha na watu wanakuzomea. Shahidi na mwenye nyumba watie sahihi, na dumu lipewe alama kabla halijapanda gari. Na usimsahau mtu mahabusu ukaenda kulala, saa 24 za kumfikisha mahakamani zinakimbia kuliko unavyodhani.

Kijana alisikiliza yote, kisha akaniuliza: "Mjomba, wewe hukuwahi kuchukua?"

Dada yangu akageuka kunitazama. Nikasema nilichukua, mara moja, elfu tano ya mwenye danguro, mwisho wa mwezi na mtoto ana homa. Wiki iliyofuata tulimwendea kikosi kizima. Akafungua mlango, akawapita wakubwa wangu wote kwa macho, akaniambia mimi: "Mbona leo umekuja na wenzio? Ile haikutosha?"