Kwenye magazeti ya zamani kila mtu ni Ndugu, kwani walikuwa ukoo mmoja?

SWALI: Shikamoo mzee. Kwenye sanduku la marehemu babu tumekuta kipande cha gazeti la mwaka 1974, babu ameandikwa "Ndugu" na mwenyekiti wa tawi la TANU naye ni "Ndugu", alafu hapo chini kuna habari ya ajali wanasema "ndugu wa marehemu wanaombwa wafike hospitali". Shangazi anasema basi yule mwenyekiti ni wa ukoo wetu, nyumbani imekuwa ubishi kila siku. Hii imekaaje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie shangazi taratibu kwamba Ndugu ile inayokaa mbele ya jina la mtu haihusiani kabisa na ukoo. Miaka ile ilikuwa ndo namna ya kumtaja mtu, yaani chukua gazeti la Uhuru au Mzalendo la miaka ya 70 uone, waziri ni Ndugu, katibu kata ni Ndugu, mfanyakazi bora wa kiwandani ni Ndugu. Ilitoka kwenye chama, maana ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, lile lililotangaza siasa ya ujamaa, mambo ya usawa yakapamba moto. Bwana ilikuwa na harufu ya ukoloni, wazee wetu walishachoka na Bwana Mkubwa na Bwana Shauri, yaani maofisa wa kikoloni, sasa unamuitaje kiongozi wako neno lile lile?

Hiyo ya kwenye ajali ni nyingine. Angalia kinachofuata: "ndugu WA marehemu", "ndugu YAKE", hapo kuna mwenye ndugu, ndo undugu wa damu au wa ndoa. Ila hata hapo usikimbilie kuchora ukoo, maana wewe mwenyewe unajua hapa Dar ndugu anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo, binamu, au hata mtu mliyetoka naye kijiji kimoja mkapanga nyumba moja Manzese. Mwandishi akitaka kubana maana ataandika kaka yake wa tumbo moja, au baba mmoja mama mbalimbali. Akiandika ndugu tu, basi ujue kaacha mlango wazi.

Na kuna ndugu ya tatu, utaikuta sana kwenye habari za ukombozi: "ndugu zetu wa Msumbiji", "ndugu zetu wa Afrika Kusini". Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa hapa Dar mwaka 1962 na Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yalikuwa hapa, kwa hiyo neno lile lilikuwa na uzito, watu walichangia kweli.

Kitu kimoja kinaniuma kwenye hizi habari za zamani na nataka familia yako mkiangalie: Ndugu haisemi kama mtu ni mwanamke au mwanaume. Bwana na Bibi zilikuwa zinakuambia moja kwa moja, ila ukikuta Ndugu na jina la ukoo peke yake huwezi kujua, na wakinamama wengi waliofanya kazi kubwa kwenye matawi na vijiji vya ujamaa wamejificha humo, msomaji wa leo anapita akidhani wote ni wanaume. Kwa hiyo huyo mwenyekiti, kama limeandikwa jina moja tu, msiseme tu ni mzee fulani, anaweza kuwa bibi wa mtu.

Baada ya vyama vingi mwaka 1992 Mheshimiwa ikatawala bungeni na magazetini, Ndugu ikabaki zaidi CCM, chama kilichorithi TANU. Mtaani nako watu wakatunga undugunaizesheni, kupeana kazi kifamilia, neno likarudi kwenye damu ila kwa ubaya.

Kwa ubishi wenu sasa, kipande hicho hakiwezi kuthibitisha ukoo hata kidogo, na kama kuna mambo ya mirathi au shamba ndani yake msikitumie kabisa. Waulizeni wazee wa tawi waliobaki, alafu nendeni Maktaba Kuu pale Bibi Titi au kitengo cha East Africana pale Chuo Kikuu Mlimani, ombeni magazeti ya mwezi ule mzima, habari za tawi moja mara nyingi zilirudi tena na huenda safari hii wameandika jina kamili.