"Mume wangu kila nikimuuliza ananijibu: amua mwenyewe"

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, naishi Mwanga, Kigoma, nina mume na watoto watatu. Mume wangu anavua dagaa, mtumbwi wao unatokea Kibirizi. Shida yangu sijiamini kabisa. Nauza mawese, nilianza kwa kujaribu tu ziwa lilipofungwa 2024, nikapata bahati. Lakini nikimuuliza mume wangu jambo lolote ananijibu "amua mwenyewe" na kugeukia ukutani. Mama mkwe alinipa laki tatu za mtaji kisha akanitenga, hata hesabu nikimpelekea hataki kuziona. Dada yangu ananicheka. Siku moja nilikataa madumu sita kwa kuhisi yana maji, akaniita mwoga, ingawa jirani aliyeyachukua alikuja kulia. Sasa niko kwenye kundi la WhatsApp la kufundishwa nguvu ya ndani, nalipa elfu ishirini kwa mwezi, mume anasema ni upuuzi. Kuna kizimba sokoni kinakodishwa, huu ni mwezi wa nne tangu niambiwe, sijatoa jibu. Shangazi, nikichukue? – Mnyonge, Mwanga.

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mawazo. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na huyo mnyonge simuoni.

Tuanze na hiyo "bahati". Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, huku kwetu, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu mvuvi hana pa kwenda. Wanaume wa mwambao walishinda wamekaa na nyavu zao, na wanaoanika na kuuza dagaa nao mikono mitupu. Sasa niambie, nyumbani kwako watoto watatu walikula nini? Walikula mawese yako. Umelipitia jambo hilo kwa mstari mmoja kama mtu anayekanyaga tope asilitake. Bahati ya siku moja naijua, hata mimi nimewahi kuokota elfu tano stendi. Bahati ya miezi mitatu mfululizo, yenye kuamka alfajiri na kubeba madumu, sijaiona.

Halafu hayo madumu sita. Kila mpishi wa Kigoma anajua kwamba mawese yenye maji yakipata moto yanalia na kukurukia usoni. Lakini wewe hukungoja moto. Muuzaji anaapa, dada yako anacheka, bei inavutia, wewe umeinama, umenusa, umesema hapana. Nani alikufundisha? Huyo wa elfu ishirini alikuwa wapi siku hiyo? Hiyo pua ndiyo unayoilipia ada kila mwezi ukaitafute kwenye simu.

Sasa mumeo. Nisikilize vizuri, mimi niko upande wake. Mtu amekesha majini chini ya taa, amevuta wavu usiku kucha, anarudi asubuhi ananuka dagaa, macho mekundu. Wewe unamkalisha kitandani umuulize madumu uyapeleke Kasulu au uyaweke usubiri bei ipande. Amua mwenyewe! Ningekuwa mimi ningejibu vibaya zaidi. Wanawake wananiandikia wakilia kwamba waume zao wanahesabu hadi chenji ya vitunguu. Hayo maneno mawili yanayokuuma wewe, wenzio wangeyatundika ukutani.

Na mama mkwe ndiye umemwonea kabisa. Mjane au la, hukusema, lakini mama wa umri huo laki tatu hazitoki benki, zinatoka kwenye kibubu. Anayekudharau hakupi kibubu chake. Amekupa, kisha amekataa kuona hesabu, na wewe unaita kutengwa. Mimi nadhani alikusoma mapema. Alijua ukimpelekea daftari, siku ya hasara utasema, "Lakini mama si uliziona?" Ndiyo maana unauliza watu wengi hivyo, mwanangu. Dada, mume, mkwe, kundi, sasa mimi. Unatafuta wa kugawana naye lawama. Kupata hukutaka kugawana na mtu, umekuita bahati basi.

Hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zimekuwa na kazi nyingi mno. Mume awe mlishaji, awe rafiki, awe mshangiliaji, akuambie kila asubuhi kwamba unaweza. Zamani mwanamke alikuwa na bibi yake, somo yake, majirani wa kisimani, mume hakubebeshwa yote. Sasa bibi tumemwacha kijijini, somo tumemwona mshamba, tunamlipa mtu tusiyemjua atuambie mwanamke wa Kiafrika amelala. Amelala wapi? Mkoani kwenu huko Kasulu, utawala wa Heru ulikuwa na Mwami, yaani chifu, Theresa Ntare, mwanamke, akitawala Waha kabla uchifu haujafutwa. Haya, nimetoka nje ya barua.

Akili za kuambiwa changanya na zako. Wewe umezidisha za kuambiwa, zako zimebaki chumvi.

Elfu ishirini ya mwezi huu usiilipe. Mnunulie mama mkwe sukari, nenda kakae naye, daftari libaki nyumbani. Mumeo mwache alale. Mkitaka kuzungumza, subirini mbalamwezi, siku hizo dagaa hawafuati taa na yeye yupo nyumbani na akili yake.

Kuhusu kizimba, umeniuliza nichukue au nisichukue. Sijibu. Nenda siku tatu, ukae kando, uhesabu wanaopita na wanaonunua, unuse soko hilo kama ulivyonusa yale madumu. Ya nne mpe mwenye kizimba neno lako, kabla hujamwambia dada yako.

Na usiniandikie tena kuniuliza kama umefanya sawa. Ila ukinitumia dumu la mawese nitapokea. Nitalichemsha kwanza.