Mwanangu apande bembea gani?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Mbagala, nina watoto wawili. Wa pili ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo. Hajaweza kutembea, na kukaa ni mpaka aegemezwe. Idi iliyopita niliwapeleka kwenye kiwanja cha michezo cha kulipia. Dada yake alicheza mpaka jioni. Yeye nilimsukuma hatua kumi tu, magurudumu ya kiti mwendo yakazama mchangani, tukabaki pembeni tunatazama. Nilipoomba apandishwe bembea, mhudumu akasema bembea zao si za watoto kama hawa. Na kiingilio nilikuwa nimelipia wote wawili. Tangu siku hiyo namwacha kwa bibi yake. Nitafute kiwanja kinachomfaa, au niache kujisumbua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwache. Mimi wangu, mwenye hali hiyohiyo, nilimfungia ndani miaka mitatu kwa kuogopa macho ya watu, na siku niliyomtoa alilia kwa kuogopa kelele za watoto wenzake. Hilo bado linaniuma.

Sikutajii jina la kiwanja, maana bembea nzima leo, mwezi ujao mnyororo umekatika. Nakupa namna ya kukikagua. Nenda kwanza peke yako, siku ya kazi, na futi mkononi. Usiulize kama wanapokea watoto wenye ulemavu. Kila mtu atakujibu "karibu sana". Pima geti: likiwa na sentimita 90, kiti kitapita bila kumchubua vidole. Fuata njia kutoka getini hadi kwenye bembea. Saruji, udongo ulioshindiliwa au majani mafupi, sawa. Mchanga na kokoto, hapana. Penye kizingiti, mteremko wa kupandia uwe na urefu mara 12 ya kimo chake. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8. Mingi niliyoiona ni ubao uliosimamishwa kama ngazi, ukisukuma kiti kinakurudia kifuani. Kisha ingia chooni, uone kama kiti kitaingia na mlango ukafungika.

Bembea yenyewe iwe na mgongo mrefu unaofika kichwani, na mkanda wa nyonga. Watu hukimbilia mkanda wa kifua peke yake, na hapo ndipo penye hatari: nyonga isiposhikwa mtoto huteleza, na ule wa kifua unapanda kumkaba.

Yule mhudumu alikukosea, tena si adabu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 30 unasema wazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao. Rudi kwa mwenye kiwanja mwenyewe, umweleze hivyo kwa upole, na umwombe kitu kimoja tu: kiti kimoja chenye mgongo na mkanda kwenye bembea moja. Ukiomba kiwanja kizima kibadilishwe, atakuambia hana hela.

Mimi niliishia kutengenezewa. Fundi seremala wa mtaani kwetu alitengeneza kiti cha mbao chenye mgongo, akapitisha kamba chini ya kiti ili uzito ubebwe na kamba, si na misumari. Kabla ya kukitumia nilikipeleka kliniki, mtaalamu wa viungo akamkalisha, akataka mgongo ulazwe nyuma kidogo. Na wewe fanya hivyo. Tukakifunga kwenye mwembe uani. Mwanangu alikuwa amekunja ngumi muda wote, vidole gumba ndani. Bembea ilipokwenda na kurudi kama mara tatu hivi, nikaona gumba la kushoto limetoka nje. Watoto wa jirani wakaanza kugombania zamu, "na mimi, na mimi", naye akawa anasubiri yake kama wao. Mwanangu, zamu hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta miaka yote ile. Kwa hiyo usimtafutie mahali pa kukaa peke yake na watoto wenye ulemavu tu. Mtafutie panapochezeka na dada yake.

Wakati unasubiri jibu la mwenye kiwanja, mpeleke Kigamboni baharini. Angalia maji yakishakupwa, kwa sababu mchanga uliolowa ni mgumu na magurudumu hayazami. Pale juu penye mchanga mkavu usisukume. Geuza kiti, kiinamishe nyuma kidogo magurudumu madogo ya mbele yawe hewani, uvute kinyumenyume, na dada yake ashike upande mmoja. Mkirudi nyumbani suuza magurudumu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe, utie oili kwenye beringi usiku huohuo.