Usiifiche bangili iliyotoboka: kwa anayeanza kusomea usonara chuo kikuu

Nilifika Birmingham, Uingereza, kusomea usonara nikijiona nimeshakuwa sonara. Mjomba wangu ana kibanda cha fedha Lamu, na tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nikikaa miguuni pake nikimchagulia vigae vya sahani kuukuu za Kichina, vile ambavyo masonara wa kwetu huvipachika kwenye pete na vidani. Nilijua kukata, kulehemu na kung'arisha. Kazi yangu ya kwanza chuoni, kidani cha fedha, ilitoka safi kuliko za wenzangu wengi. Nikapita kwa kuponea chupuchupu.

Nilikuwa nimepeleka kidani peke yake. Wenzangu walipeleka madaftari yaliyovimba kwa michoro, vipande vya shaba vilivyopinda, picha za lehemu iliyogoma kukimbia, yaani kuyeyuka na kuenea kwenye kiungo, na maelezo ya kwa nini iligoma. Kwa mjomba, kilichoharibika hurudi kwenye kalibu kabla mteja hajakiona. Chuoni kilichoharibika hukaa mezani na kupewa alama. Nilidhani wananionea. Mwaka mzima ulipita kabla sijaelewa wanachotaka, na ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye hujafunga hata sanduku.

Kilichonifungua macho ni bangili ya bibi. Muhula wa pili nilikwenda nayo: fedha nene, imekatika karibu na bawaba. Nikaifuta, nikaipiga tupa, nikaipaka boraksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ikimbie, nikaipa moto. Sikujua kwamba zamani mtu alikwisha kuiunga kwa risasi, ile lehemu laini ya mafundi wa redio. Risasi haingoji fedha iive. Ikishapata moto mkali huingia ndani ya fedha na kuila, na mbele ya macho yangu bangili ikatoboka kama mbao yenye mchwa. Nikaizima, nikaifunga kitambaa, nikaitia chini kabisa ya droo. Wiki tatu sikumwambia mtu.

Fundi wa karakana ndiye aliyeikuta, akitafuta kitu kingine. Hakuniuliza habari za bibi. Aliniuliza nilitumia tupa ipi. Tupa yenyewe ilikuwa ya karakana, na tangu siku ile imepita mikononi mwa watu sijui wangapi. Vumbi la risasi lililonasa kwenye meno yake lingeweza kutoboa pete ya mwenzangu asiyejua kosa lake ni lipi. Asubuhi nzima tulisafisha meza, tupa na matofali ya kulehemea. Kisha akanipa mabaki ya fedha, akaniweka chini ya bomba la kufyonza moshi, akaniambia nirudie kosa lile kwa makusudi: punje ya risasi juu ya kibanzi cha fedha, moto mdogo, moto wa kati, moto mkali, na kila hatua niipige picha. Zikatoka kurasa sita za daftari. Zile kurasa ndizo zilizonipa alama nzuri ya kwanza tangu nifike Uingereza. Bangili sijaitengeneza mpaka leo.

Basi anza daftari siku ya kwanza, na usilirembeshe. Andika unene wa bati la fedha au shaba, namba ya msumeno, aina ya lehemu, umeshika moto muda gani, kimetokea nini. Niliwahi kuona daftari zuri kama kadi ya harusi ambalo halikumsaidia mwenyewe hata kidogo, maana alilijaza lote usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Sasa mambo ya mkono. Msumeno wa sonara utakukatikia. Utakatika mara nyingi mpaka uone aibu, kwa hiyo nunua nyembe kwa dazeni nyingi, si moja. Meno yaangalie chini, kuelekea mpini. Uukaze mpaka ukiugusa kwa ukucha utoe mlio mwembamba kama waya wa gambusi. Upake nta ya nyuki. Na usiusukume mbele. Anayesukuma ndiye anayevunja. Anza na shaba, kwa kuwa kosa la shaba ni rahisi kulilipia.

Pete ya kwanza karibu kila mtu huikata fupi. Mtu ana kipenyo cha ndani, tuseme milimita 18, anazidisha kwa 3.14, anapata 56.5, anakata. Kumbe bati nalo lina unene wake. Kama ni milimita 1.5, ujumlishe kwanza: 19.5 mara 3.14, unapata 61 na kidogo. Karibu milimita tano zimepotea kwa kutofikiria tu. Yangu bado ninayo, inamtosha mtoto.

Kwenye lehemu ndiko utakakolia, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha na zilizobaki ni shaba kwa kawaida, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800 za Selsiasi. Lehemu ngumu, ile ya fedha inayochelewa kuyeyuka, hukimbia kati ya 745 na 780 hivi. Nafasi uliyopewa ni hiyo tu, na huna kipimo isipokuwa jicho. Punguza taa ili uione rangi ya fedha inavyobadilika. Lehemu huufuata moto, haifuati matumaini yako: ukichoma lehemu peke yake itajikunja iwe kidonge na kukutazama. Pasha kazi nzima, mwisho ndipo uuvute moto kuelekea kwenye kiungo. Na lehemu haizibi pengo. Inua kiungo kwenye mwanga wa dirisha; ukiona mwanga unapita, rudi kwenye tupa. Kama kazi ina viungo vitatu, panga tangu kwenye karatasi kipi kitaanza kwa lehemu ngumu, kipi kitafuata kwa ya kati, kipi kitamalizia kwa ile nyepesi, ya fedha pia, inayowahi kuyeyuka (si ile ya risasi), ili moto wa kiungo cha tatu usije ukafungua cha kwanza. Mjomba alikuwa akifanya hivyo bila kusema. Mimi nilihitaji kuandika.

Baada ya moto, kazi huingia kwenye asidi ya kusafishia, wenyewe huiita pikili. Usitie humo kibanio cha chuma. Fedha itatoka nyekundu, imevaa shaba iliyokuwa imeyeyukia ndani ya asidi, na ya kila aliyetia kazi yake pamoja na wewe. Tumia koleo la shaba au la plastiki.

Mashine ya kung'arisha naiogopa kuliko moto, na wewe uiogope. Dada zangu wenye mitandio, ichomekeni ndani ya koti la kazi kabla hamjawasha. Nywele zifungwe, mikono ya nguo ikunjwe, glavu zivuliwe, kwa kuwa glavu ikinaswa huenda na kidole. Mkufu usiushike ukaning'inia mbele ya gurudumu.

Kuna kikao cha kukosoana, ambapo kazi yako huwekwa katikati na darasa zima huisema wewe ukiwapo. Kwa aliyelelewa kwetu ni kama kuvuliwa nguo. Nilikuwa najibu kila neno, najitetea, mpaka nikagundua nimetoka bila kusikia lolote. Siku hizi naandika tu. Nusu ya wanayosema ni upuuzi, lakini ni vigumu kujua nusu ipi kabla ya wiki kupita.

Fundi wa karakana msalimie kila siku, umjue jina na chai anayopenda. Walimu hukufundisha kufikiri. Yeye anajua kwa nini moto wako unatema.

Ukitaka kuuza Uingereza, sheria ya mwaka 1973 inakuhusu: kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78 huwezi kukiuza kwa jina la fedha bila mhuri wa ofisi ya upimaji, ile inayopima usafi wa madini. Ya Birmingham ipo tangu 1773 na alama yake ni nanga. Nilicheka, mtoto wa Lamu: mji hauna bahari, alama nanga! Unasajili pia herufi zako mwenyewe, mbili au zaidi, zinazogongwa kando ya ile alama. Kwetu mnunuzi humwamini sonara kwa kumjua yeye na baba yake. Kule huamini kidude kidogo kisichoonekana bila lenzi. Sikuwahi kuamua kipi kinadanganyika upesi zaidi.

Unga wa tupa na vipande vya fedha uvitie kwenye kopo lake, usichanganye na shaba. Mwisho wa mwaka kopo langu lilininunulia bati la kazi ya kufunga masomo.

Na watu wa nyumbani watakuletea mawe. Ukisema tu unasomea usonara, mtu atatoa tanzanaiti mfukoni, ama pete yake iliyolegea. Tanzanaiti ni laini kuliko watu wanavyodhani, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na haipendi moto wa ghafla wala mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Usilehemu jiwe likiwa ndani, hata mwenye pete akikuambia harusi ni kesho. Litoe, lipime, andika daftarini kila mkwaruzo ulioukuta, mwenyewe akiona, ndipo uwashe moto.