Mikunga hii au mikunga hawa?

SWALI: Mwanafunzi wangu ameandika, "Mikunga hii ya miambani inawinda usiku." Nilimsahihisha aandike "wakunga hawa", lakini mzazi wake anasema wakunga ni wazalishaji tu. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, mzazi amepatia umbo la wingi, nawe umepatia upatanisho. Mkunga wa baharini, yule samaki mrefu asiye na magamba, wingi wake ni mikunga. Wakunga ni wanaozalisha. Ila mi- hiyo haiamui sentensi nzima, kwani kiumbe mwenye uhai huchukua a- na wa- hata jina lake likiwa na umbo gani: kipepeo huyu, vipepeo hawa, mkizi huyu, mikizi hawa. Basi ni "mikunga hawa wa miambani".

Kwenye kitenzi, ningependa mtoto aandike "huwinda". Hasimulii tukio moja, anaeleza desturi ya kiumbe, na hapo hu- inafaa kuliko -na-. Mchana mkunga hujibanza pangoni, kichwa nje, akifumbua na kufumba kinywa. Wengi hudhani anatisha watu, kumbe anapumua: anapitisha maji kwenye matamvua. Usiku hutoka kutafuta pweza na samaki waliolala, akitegemea pua zaidi ya macho. Akishang'ata, taya za pili zilizo kooni husogea mbele, zikamdaka aliyenaswa na kumvuta ndani.

Likija tukio mahususi, hu- haitufai tena. Mwaka 2006 watafiti walieleza waliyoyaona Bahari ya Shamu: chewa alimfuata mkunga mchana, akatikisa kichwa mbele ya pango lake, wakatoka kuwinda pamoja. Hapo -li- na -ka- ndizo zinazobeba kisa. Angalia pia kwamba jina "chewa" halibadiliki katika wingi. Bila a- au wa-, msomaji hajui ni mmoja au ni kundi.

Darasani utaulizwa kuhusu matumbawe, maana kwa sayansi nayo ni wanyama. Sisi husema "matumbawe haya yanakua", wala sijasikia mtu wa pwani akisema "matumbawe hawa". Mzungumzaji hufuata anachokiona, na tumbawe kwake ni jiwe, lile lililojengewa nyumba za Lamu na Unguja. Mtoto akiandika "haya", usimkosoe.