Kwa mwanangu aliyeombwa kuongoza kwaya

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema kwaya ya kanisani kwenu imekuomba uwe mwalimu wake, na kabla hujawajibu unataka kujua jambo ambalo hujawahi kuniuliza ana kwa ana: ni kweli kwamba mimi niliondolewa? Umesikia kuwa niligombana na viongozi, tena kuwa wanakwaya walinichoka.

Hakuna aliyeniondoa. Ila wanakwaya walikuwa wameacha kunitazama, na hilo nitakueleza bila kuficha. Lakini nianzie mbali, kwa sababu ukianzia mwisho utaniona mnyonge tu.

Nilishika kwaya nikiwa na miaka 19. Si kwamba nilikuwa na kipaji kuwazidi wenzangu. Mwalimu wetu aliugua wiki mbili kabla ya Pasaka, na mimi peke yangu nilikuwa nazijua sauti zote nne. Nilizijua kwa sababu nilikuwa naimba sauti ya pili. Sauti ya kwanza wamebeba wimbo, besi wamebeba nyumba nzima, na tena, yaani sauti ya tatu, wanasifiwa hata wakikosea. Sisi wa katikati tunashika noti moja beti nzima, na usipowasikiliza wengine unapotea mara moja. Kwa hiyo nilikuwa nimesikiliza miaka mitano bila kujua kwamba nasomea kazi.

Tulifundishwa kwa sol-fa, zile herufi d, r, m (do, re, mi) zenye nukta pacha za kutenga mapigo. Mfumo huo ulizaliwa Uingereza katika karne ya 19: mwalimu Sarah Glover aliutumia kwa watoto, mchungaji John Curwen akautengeneza upya na kuusambaza, na wamisionari wakasafiri nao. Majina yenyewe ni ya kale zaidi. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo aliyaokota kwenye wimbo mmoja wa Kilatini, ambao mistari yake ilianza kila mmoja hatua moja juu ya uliotangulia. Utakutana na wasomi wa noti za mistari mitano wanaoicheka sol-fa. Waache wacheke. Sol-fa inamfundisha mwimbaji umbali wa kutoka noti hii hadi ile, na mwimbaji hana kinanda kifuani cha kubonyeza. Ana huo umbali tu. Jifunze noti za mistari pia, lakini kwa ajili yako wewe, si kwa kuwatisha watu.

Kupunga mikono utajua kwa jioni moja. Mapigo manne: chini, ndani, nje, juu. Matatu: chini, nje, juu. Fimbo sikuwahi kutumia. (Jean-Baptiste Lully, mwanamuziki wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa akipiga mapigo kwa kugonga fimbo ndefu sakafuni, mwaka 1687 akajigonga kidole cha mguu, kidonda kikaoza, akafa. Alikuwa akiongoza wimbo wa kumshukuru Mungu kwa kupona kwa mfalme.) Kilichonichukua miaka ni pumzi ile inayotangulia pigo la kwanza. Ukivuta pumzi kwa hofu, kwaya nzima inavuta kwa hofu na wimbo unaanza umebanwa koo. Ukiivuta taratibu, kwa mwendo ule ule wa wimbo, hata besi wavivu wanaingia pamoja. Kwa muda mrefu nilidhani kwaya inafuata mikono yangu, kumbe ilikuwa inafuata mbavu zangu.

Halafu kuna kushuka. Kwaya ikiimba bila kinanda, inaanza kwenye noti moja na kumaliza chini yake, wala hakuna anayejua. Mwalimu kijana hupiga kelele, "Pandisheni!" Haisaidii. Tafuta inavujia wapi. Mara nyingi ni kwenye noti ya mi inayoimbwa kwa uvivu, au kwenye noti moja inayorudiwa mara nyingi, ambayo kila ikirudiwa inazama kidogo. Waambie: mkipanda, hatua ndefu, mkishuka, hatua fupi. Na kama wamechoka, pandisha wimbo nusu hatua. Utashangaa, wimbo ule ule unasimama wenyewe.

Jambo jingine ni mkazo wa maneno. Tenzi nyingi tunazoimba tuni zake zilitungwa kwa lugha nyingine, na lugha yetu inakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ikiangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, "Mwokozi" anageuka mtu mwingine kabisa. Usibadilishe tuni, watakuchukia. Lainisha tu lile pigo, uache neno lipite kama linavyosemwa.

Sasa makosa yangu, maana ukisikia mazuri tu hutaniamini. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki, alisimamia muziki wa makanisa ya Leipzig, Ujerumani, kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mwaka 1730 aliliandikia baraza la mji kuhusu vijana wake waimbaji 54: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Nilipoisoma hesabu hiyo nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu, nami nikaanza kuwahesabu wangu kimoyomoyo. Siku moja ikanitoka mdomoni. Kijana wa sauti ya tatu alikuwa akiingia mapema kila mara, nikamsimamisha aimbe peke yake mbele ya wote, mara tatu. Ya tatu aliimba sawasawa. Hakurudi tena. Wale wa Bach walikuwa wanafunzi na yeye alikuwa mwajiriwa. Wangu walikuja jioni baada ya kazi zao, kwa miguu yao, bila kulipwa, na mimi silipwi pia. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Alinipokea vizuri sana, kwaya hakurudi.

Nyinyi watoto nanyi mlilipa, na hilo nalijua. Kila Alhamisi na Jumamosi, miaka 34. Sitajitetea.

Basi, mwisho wangu ulikuwa hivi. Kwa miaka kama miwili nilikuwa nawalalamikia sauti ya kwanza kwamba hawatamki. "Tamkeni! Sisikii maneno." Wakazidisha, mpaka "Msifuni" ikawa inafyonza kama nyoka, na mimi bado nasema sisikii. Hawakunijibu. Walitazamana tu.

Kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya Krismasi karatasi zangu zilianguka katikati ya wimbo. Nikainama kuziokota. Palikuwa na pumziko la mapigo mawili, kisha kuingia kwa sauti zote nne, pahali pagumu ambapo bila mkono wa mwalimu kila mtu huingia kivyake. Wakaingia kama mtu mmoja. Niliinua kichwa kwa furaha, nikaona macho yote yako kwa yule mama kiongozi wa sauti ya pili. Alikuwa akiwaashiria kwa kichwa, kidogo tu, chini ya mkono wangu. Aliponiona akaangalia chini kama mtoto aliyekamatwa.

Nilikwenda kupima masikio. Mstari kwenye karatasi ya daktari ulianza vizuri upande wa kushoto, zilipo sauti nzito, kisha ukaporomoka kuelekea kulia. Umri huanzia huko juu. Noti za sauti ya kwanza nilizisikia, maana hata ile do yao ya juu kabisa ni mitetemo elfu moja na kidogo kwa sekunde. Lakini "s" na "f" hukaa juu zaidi, na huko kwangu kulikuwa giza. Ndiyo maana nilisikia wimbo bila maneno. Nilipewa vifaa vya kusikilizia. Kwa mazungumzo ni vizuri, kwa kwaya vilifanya kinanda kilie kama bati.

Nikamkumbuka Beethoven, mtunzi wa muziki aliyekuwa kiziwi, huko Vienna, mwaka 1824. Simfonia yake ya tisa, muziki wa vyombo vingi wenye kwaya, ilipoimbwa mara ya kwanza alisimama mbele akipunga mikono, na wapigaji walikuwa wameambiwa wasimfuate yeye, wamfuate kiongozi mwingine. Nilikuwa naisimulia habari hiyo kwa kumhurumia. Siku ile nikaona pia upande wa wale wapigaji: watu wazima kadhaa wakikubaliana kimya kimya kulinda heshima ya mtu. Wangu hawakunichoka, mwanangu. Walinisitiri, na mzigo wa kunisitiri ukawa mkubwa kuliko mzigo wa kuimba. Ningeweza kuendelea miaka mingine mitatu namna ile na wasingesema neno. Nikamaliza Krismasi, Jumapili iliyofuata nikamkabidhi yule mama daftari, nikaenda kukaa nyuma kwenye benchi. Viongozi sikuwaeleza sababu; ni kiburi tu, naona ndicho kilichozaa hayo uliyoyasikia.

Unauliza ukubali? Nadhani umeshakubali, ungekuwa umekataa usingeandika. Ila mwezi wa kwanza usifundishe wimbo mpya hata mmoja. Waimbishe wanazozijua, utembee katikati yao wakati wanaimba, usikie nani anamshika nani.

Ndani ya bahasha nimetia ule uma wangu wa chuma wa kupimia sauti. Usiugonge mezani, ugonge gotini, kisha ukandamize shina kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Ni noti ya la, mitetemo 440 kwa sekunde. Niliugonga kabla ya kuufunga, na huo bado nausikia wote.

Mama yako