Maswali ya Wasomaji: Jeni na Protini Katika Seli Moja

SWALI: Nashirikiana na watafiti wa kichocho hapa Mwanza. Nasikia kuna kipimo kinachosoma jeni na protini za seli moja kwa mpigo. Kusoma jeni peke yake kuna upungufu gani?
*Msomaji, Ilemela*

Upungufu upo, tena mkubwa kwa anayechunguza chembe nyeupe za damu. RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, huvunjika mapema, wakati protini iliyotokana nayo hudumu juu ya seli kwa muda mrefu zaidi. Chukua CD4, mojawapo ya protini hizo za juu ya seli: seli T msaidizi imeijaza kwenye ngozi yake, lakini RNA yake ni chache kiasi kwamba seli nyingi hutoka na sifuri. Ukitegemea RNA tu, utasema hizo si seli za CD4.

Mfano wa pili ni CD45RA na CD45RO, alama zinazotenganisha seli T changa na zile zenye kumbukumbu. Zote mbili hutoka kwenye jeni moja, PTPRC, ila RNA yake hukatwa na kuungwa kwa namna tofauti. Kipimo kinachosoma mwisho wa RNA hakioni tofauti hiyo. Kingamwili huiona mara moja.

Njia inayotumika sana inaitwa CITE-seq, iliyochapishwa mwaka 2017. Kila kingamwili hufungwa kipande kifupi cha DNA chenye msimbo wake. Seli zilizokwisha kupakwa kingamwili huingizwa moja moja kwenye matone madogo ya maji ndani ya mafuta, na kila tone lina ushanga wenye msimbo wa tone hilo. RNA na vile vipande vya DNA vyote hupata msimbo mmoja, ndiyo maana baadaye kompyuta inajua vilikuwa vya seli ipi. Kumbuka kwamba hapa tunazungumzia protini za juu ya seli. Za ndani hudai seli igandishwe kwa dawa na kutobolewa, na hapo RNA huumia.

SWALI: Damu tunachota Ukerewe, maabara iko mjini. Tuibebe vipi, na je, lazima tupime siku hiyo hiyo?
*Fundi sanifu wa maabara, Nansio*

Usiiweke kwenye barafu. Damu nzima isafiri kwenye boksi lenye nyuzi 18 hadi 25, isipigwe na jua la kwenye kivuko, na ifike maabara siku hiyo hiyo. Ikilala, neutrofili (aina ya chembe nyeupe) hubadilika uzito, hupanda, na kuchafua tabaka unalolitaka.

Changanya damu na PBS (maji ya chumvi ya maabara) nusu kwa nusu, kisha imwage taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, ambayo imeachwa ipate joto la chumba. Ficoll ya kutoka kwenye friji ni nzito kupita kiasi, nayo itakuachia chembe nyekundu zisizoshuka. Zungusha kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Angalia ni g, si mizunguko kwa dakika: kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16, 400 g ni mizunguko kama 1,500. Utaona pete nyembamba nyeupe kati ya plazma ya manjano na Ficoll angavu. Hiyo pete ndiyo mali yako, na kila mililita ya damu hutoa takriban seli milioni moja.

Kupima siku hiyo si lazima. Gandisha kwenye seramu ya ng'ombe yenye DMSO (dawa ya kukinga seli zisipasuliwe na barafu) asilimia 10, joto lishuke nyuzi moja kwa dakika hadi -80, halafu hamishia kwenye nitrojeni ya maji. Kuziacha kwenye -80 kwa miezi ni kuziua polepole.

SWALI: Jeni zetu zimesomeka vizuri, lakini protini karibu sifuri. Kingamwili ni mpya na ni ghali. Tumekosea wapi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Nyamagana*

Pole sana. Mara nyingi protini hizo zimemwagwa kwenye sinki.

Baada ya kuzidisha DNA, mchanganyiko husafishwa kwa shanga za sumaku. Kwa maikrolita 100 za mchanganyiko huwekwa maikrolita 60 za shanga. Vipande virefu, yaani vya jeni, hushika kwenye shanga. Vipande vya kingamwili ni vifupi, kama herufi 180, hivyo hubaki kwenye maji ya juu. Mazoea ya maabara ni kumwaga maji hayo. Hapa usiyamwage: yahamishie kwenye tyubu nyingine, ongeza maikrolita 140 za shanga, ndipo vile vifupi vitashika.

Kama maji mliyatunza, kagua kama mliweka kianzishi (primer) cha ziada cha vipande vya kingamwili wakati wa kuzidisha, na kama mkia wa DNA wa kingamwili unaendana na seti ya vitendanishi (kit) mliyonunua.

Tatizo la kinyume pia hutokea: kila seli inaonekana ina kila protini. Hapo kosa liko kwenye kupaka na kuosha. Zuia kwanza vipokezi vya Fc, vinavyonasa kingamwili ovyo, kwa dakika 10, paka kingamwili dakika 30 kwenye barafu, kisha osha mara tatu. Mara moja haitoshi. Seli zilizokufa hunasa kingamwili yoyote, hivyo hesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, na usiendelee kama zilizo hai hazifiki asilimia 90. Usijaze seli kupita kiasi pia: ukivuna 10,000, karibu asilimia 8 ya matone yenye seli yatakuwa na seli mbili, na mchanganyiko wa seli T na seli B utadhani ni seli mpya.

Kwenye mashine ya kusoma DNA, tengeni angalau vipande 20,000 vya kusomwa (reads) kwa kila seli upande wa jeni na 5,000 upande wa protini.

SWALI: Mbona eosinofili, chembe nyeupe zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo, hazionekani kabisa, na wagonjwa wetu wana kichocho?
*Msomaji, Sengerema*

Zimezama chini ya Ficoll pamoja na chembe nyekundu. Hata ukitumia damu nzima, zina RNA kidogo na vimeng'enya vingi vya kuivunja, kwa hiyo kompyuta huzichuja kama matone matupu. Tenga mililita moja ya damu mbichi uzihesabu kwa flo saitometa, mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga, ukitumia alama zao za juu, Siglec-8 na CCR3.